Mdogo Wangu Sindano na Breki Nyekundu

Mdogo wangu, huyu tuliyeachiana ziwa, mtaa mzima unamwita Sindano. Wengi hudhani ni kwa sababu ya kazi yake ya cherehani. Sisi tuliolala naye kitanda kimoja tunajua kwamba jina lile lilimpata kabla hajashika uzi. Alikuwa mtoto wa kuchoma. Ukipewa kipande cha mkate kikubwa kuliko chake, halii wala hapigani nawe. Anakutazama tu, mpaka mkate unakukwama kooni na unammegea mwenyewe bila kuombwa.

Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Huyu mtoto ana mizani machoni."

Nilipomaliza shule ya msingi baba alininunulia gauni lenye kola ya kukunjwakunjwa, la kwanza kwangu kutoka dukani. Nililivaa siku moja ya ibada. Kesho yake nikalikuta sakafuni limefumuliwa vipande vipande, limepangwa kama kuku aliyekatwa tayari kwa kupikwa: mikono huku, kola kule, kiuno pale. Mdogo wangu alikuwa amekaa katikati na wembe mkononi.

"Nilitaka kuona kwa nini limekupendeza," akasema.

Alichapwa siku hiyo, sitaki kusema uongo. Lakini alipomaliza kulia alilishona upya kwa mkono, na kola ikakaa vizuri kuliko ilivyotoka dukani. Baba akaligeuza gauni, akaligeuza tena, kisha akampeleka kwa fundi cherehani ajifunze kazi. Kwa hiyo mimi huwa sithubutu kusema wivu ni kitu kibaya tupu. Mwenyezi Mungu hatupi kitu. Wivu ule ule ndio uliompa mdogo wangu mkate wake, na ndio uliotaka kumnyang'anya nyumba yake, kama nitakavyosimulia.

Aliolewa na dereva wa basi la abiria, mtu mpole, mrefu, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Sote tunamwita Dereva, hata mimi shemeji yake. Basi lilikuwa la safari ndefu, na Sindano alilionea wivu kama mke mwenzake. Siku za safari alikuwa anabeba chakula mpaka stendi, akisema mume wake hali vya kununua. Kweli chakula kilikuwa kitamu, lakini kilichompeleka ni kuona nani amekaa kiti cha mbele, karibu na dereva.

Utingo wa basi lile alikuwa kijana mcheshi tuliyemwita Konda. Akimwona tu Sindano na kikapu chake anapaza sauti abiria wote wasikie: "Shemeji, leo mbele yamekaa magunia ya vitunguu! Unataka kuyahoji?"

"Yafungue niyaone," Sindano anajibu, na anachungulia kweli.

Miaka ikaenda. Dereva akaacha kazi ya basi kwa sababu ya mgongo, akanunua gari dogo kuukuu la kutembelea. Binti yao wa pekee alikuwa ameshaolewa mbali. Tukasema, sasa Sindano atapumzika. Mume yuko nyumbani, abiria hawapo, stendi hakuna haja ya kwenda. Kumbe tulikuwa hatumjui.

Tangu siku ya kwanza gari lile lilipoingia uani, Dereva alimwambia mkewe akae kiti cha nyuma. Kiti cha mbele alikiacha na nailoni yake. Walipokwenda ibadani, Sindano alikaa nyuma. Walipokwenda sokoni, Sindano nyuma na vifurushi. Akiuliza sababu anaambiwa, "Nyuma ni pazuri, mama. Kuna nafasi." Basi neno lile lilimkaa kifuani kama mfupa wa samaki. Mwanamke aliyetumia ujana wake kulinda kiti cha mbele cha basi lisilo lake, leo gari ni la nyumbani na kiti cha mbele hapewi.

Jirani yao anayeuza vifungo na zipu, mwanamke ambaye ulimi wake hauna lijamu, ndiye aliyemwaga petroli penye moto. Alikaa pale kwenye baraza la cherehani akasema, "Shoga, kiti asichokalia mke kina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?" Sindano akauliza.

"Mimi sijui. Mimi nauza vifungo."

Tangu siku ile mdogo wangu akawa anaingia ndani ya gari mumewe akilala mchana, ananusa nailoni ya kiti kile. Alinieleza mwenyewe. Nikamwambia, "Mdogo wangu, muombe Mungu akuondolee hilo." Akasema anaomba, ila Mungu naye anachelewa kumwonyesha huyo mwanamke.

Sasa, wivu katika nyumba ile haukuwa wa mmoja. Konda, yule utingo wa zamani, alijaliwa. Alianza na biashara ya matairi, na siku moja akapita mtaani na gari lake mwenyewe, jeusi, linang'aa. Ndani ya rimu kulikuwa na kitu chekundu. Gari likitembea, ule wekundu unabaki pale pale huku rimu inazunguka, kama jicho lisilopepesa. Wanaume wote walioko kibarazani waliinama kutazama. Hicho kitu kinaitwa kalipa. Ni kile chuma kinachokaa nyuma ya rimu na kulikumbatia diski, lile bamba la duara linalozunguka na gurudumu. Ukikanyaga breki kinalibana, gari linasimama. Mimi sikuwa nakijua, nimefundishwa baadaye, na nadhani sasa nakijua zaidi ya inavyonipasa.

Wanaume wa rika lao wana mahali pao chini ya mteremko, penye kuoshea magari, ambapo hukutana Jumamosi. Huko Konda alipaki gari lake katikati, na mtu mmoja akatania, "Jamani, utingo amempita dereva!" Kila mtu akacheka. Dereva naye alicheka. Lakini usiku ule, Sindano aliniambia, alijigeuza kitandani kama samaki kwenye kikaango, na asubuhi aliuliza swali moja tu: "Hapa mtaani nani anauza rangi ya kuvumilia moto?"

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwao. Sindano alikuwa na sare za shule nyingi za kumaliza, nikaenda kumsaidia kupika. Nilikaa barazani na ungo wa mchele nikichagua mawe, yeye yuko kwenye cherehani yake, na Dereva yuko uani na gari. Kwa hiyo haya niliyaona, na yale nisiyoyaona nilielezwa na mwenye kutenda.

Dereva alifanya kazi yake kwa utaratibu. Alilegeza nati kwanza gari likiwa chini, akaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, akapiga jeki, akasukuma gogo chini ya gari asije akalaliwa. Gurudumu la mbele likatoka, na ile kalipa ikaonekana: imejaa kutu na vumbi la breki, imeinama pale kama kobe mgonjwa. Akaisugua kwa brashi ya waya. Akachukua na brashi ndogo kuingia kwenye vipenyo.

Cherehani ikanyamaza. "Dada," Sindano akaninong'oneza, "ile si brashi yangu ya kufutia vumbi la mashine?"

"Ni ya zamani, mdogo wangu."

"Ni yangu."

Dereva akatafuta kitambaa cha kufutia petroli, akainamia kikapu cha vipande, akavuta kimoja cha hariri ya buluu. Kile kipande Sindano alikuwa amekitunza ili amshonee mjukuu utepe. Pua yake ilipanuka tu. Kisha, na hili mimi nililisikia kwa masikio yangu, Dereva aliipangusa ile kalipa taratibu, akaipuliza, akaiambia, "Tulia, mama. Tulia kidogo tu."

Mama! Neno analomwita mkewe, leo anakiita chuma.

"Mlango wa jikoni," Sindano akasema kwa sauti ya juu, akitazama mshono wake, "niliomba upakwe rangi tangu mvua za mwaka jana."

"Mlango hauendi popote, mama," akajibiwa kutoka uvunguni.

"Na mimi je? Mimi naenda popote?"

"Nikimaliza nitakupeleka matembezi."

"Nikikaa wapi?"

Kisha spana ikagonga chuma, na sauti ikasema, "Nyuma ni pazuri. Kuna nafasi."

Nikaangalia mchele wangu. Kuna wakati mtu mzima anashukuru kwamba mchele una mawe.

Dereva akazungushia diski magazeti na tepu ili rangi isiliguse, maana diski halipakwi kitu chochote, lazima liwe kavu na safi. Kisha akapaka. Lazima niseme haki: ilipendeza. Nyekundu ya pilipili iliyoiva. Akasubiri ikauke, akapaka mkono wa pili, akarudi nyuma hatua kadhaa na kuinamisha kichwa upande, vile mwanamume anavyomtazama bibi arusi. Mimi nilicheka. Mdogo wangu hakucheka.

Akarudisha gurudumu lile, akahamia upande wa pili. Akasugua, akafuta kwa petroli, akafunika diski kwa gazeti, kila kitu tayari. Nikamwita aje ale kwanza, chakula kisipoe. Akaingia ndani, akanawa.

Hapo Sindano akainuka. Alinipita mlangoni ameshika kile kichupa chake chenye mdomo mwembamba, cha mafuta ya cherehani. Nikadhani mashine imekauka. Mafuta yale ni meupe kama maji, hayana harufu, hayaachi doa kwenye nguo. Ndiyo maana mafundi huyapenda. Na kila fundi cherehani anajua jambo moja: penye mafuta chaki haishiki. Ukitaka kuchora mstari kwenye kitambaa chenye mafuta, chaki inateleza tu.

Mdogo wangu akawaza, kama chaki haishiki, rangi nayo haitashika.

Alilifunua gazeti polepole, kama anayemfunua mtoto aliyelala. Akaipaka ile kalipa kwa kidole. Halafu akaliona diski limesuguliwa linang'aa, na ndani yake akaiona sura yake mwenyewe imejikunja, imezeeka, imekasirika. Alisema ndiyo iliyomponza. Akalipaka na diski, mbele na nyuma. Kisha akarudisha gazeti na tepu, mkono wa fundi, usingejua kama pameguswa. Alitaka tu rangi ikatae na mume wake achoke na upuuzi ule. Kwamba breki ndizo zinazolisimamisha gari, alikuwa anajua kama sote tunavyojua. Kwamba ni lile diski hasa, na kwamba tone la mafuta linatosha, hakujua. Nani angemwambia? Mumewe hazungumzi mambo ya gari na mtu wa kiti cha nyuma.

Dereva alirudi na meno yake yana njiti. Akachovya brashi, akapaka. Rangi ikakataa. Ikajikusanya vidonge vidonge, kama maji juu ya jani la yugwa, ikateremka.

"Eh! Kopo ni lile lile!" akasema. Akapaka tena. Ikateremka tena. Akalinusa kopo, akatazama juu kama kosa ni la jua. "Huyu muuza rangi amenichanganyia nini?"

Barazani cherehani ilikuwa inakwenda mbio, na mdogo wangu alikuwa anaimba wimbo wa ibada. Nami, Mungu anisamehe ujinga wangu, nikasema moyoni: leo mwanamke huyu amepata amani.

Dereva akapangusa, akapaka rangi nzito zaidi, ikashika hapa, ikaacha pale, kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye. Alikuwa bado anaisikitikia wakati honi ilipolia getini. Konda. Amekuja na gari lake jeusi, ana miwani ya jua na shati limepigwa pasi hadi linakata.

"Hodi wenyewe! Shikamoo dada. Shemeji Sindano, u mzima? Bado unahoji vitunguu?"

"Marahaba," nikajibu. Sindano aliitikia kwa mdomo tu.

Konda akazunguka gari, akachuchumaa upande wa kwanza. "Kaka! Umetisha. Wekundu huu unanishinda mimi." Nikamwona Dereva, mtu mzima yule, anajizuia kutabasamu kama mtoto aliyesifiwa darasani. Konda akahamia upande wa pili. "Huku vipi? Huku kuna ugonjwa gani?"

"Rangi imeniharibikia. Nitarudia kesho."

"Basi rudishia gurudumu twende chini, wazee wanasubiri. Paki upande mzuri uangalie watu." Akasimama, akajikung'uta suruali. "Lakini hukugusa diski kwa mafuta, kaka? Mimi langu liliingia grisi kidogo tu, kiasi cha kupaka mdomo, nikashuka na mteremko ule nakanyaga breki, breki haipo. Gari likavutwa upande mmoja, nikalibusu lori. Mungu tu."

Cherehani ikasimama katikati ya mshono.

Mimi sikujua lolote, nilikuwa naosha mchele wa jioni. Niliinua uso nikamwona mdogo wangu amekuwa na rangi ya majivu. Mteremko ule tunaujua. Chini yake kuna njia panda, kuna wachuuzi, kuna watoto. Dereva alikuwa tayari ametoa magazeti huku anazungumza, macho kwa Konda, bila miwani yake. Anarudisha gurudumu, anakaza nati, anavuta gogo, anateremsha jeki. Akaondoa mawe. Akaingia, akafunga mlango.

Sindano aliruka ngazi za baraza na sindano zake zimechomekwa kifuani, chaki sikioni, futi shingoni. Akafungua mlango wa mbele, ule ule, akang'oa nailoni, akakaa.

"Shuka, mama," Dereva akasema.

"Sishuki."

"Kaa nyuma basi."

"Hapa hapa. Na gari haliendi mahali."

Konda alicheka mpaka akashika paa la gari. "Jamani! Wivu wa basi umehamia kwenye gari dogo! Kaka, mpeleke tu, au umtafutie vitunguu vimpishe!" Jirani muuza vifungo alikwishafika getini. Hajawahi kuchelewa jambo.

Dereva alikuwa ameona haya. Mbele ya Konda, siku ile hasa, hakutaka kuonekana anashindana na mkewe. Akasema kwa sauti ndogo, "Haya, twende naye," akawasha, akakanyaga mafuta atoke.

Kile kiti kikateleza nyuma kwa kishindo, kraaa, na Sindano akaenda nacho, miguu juu, futi shingoni, mpaka akawa yuko usawa wa kiti cha nyuma alichokikataa. Dereva akashtuka, akakanyaga breki. Uani pale gari lilikuwa linatambaa tu, lakini hata hivyo liligeuza pua lenyewe upande mmoja, kama ng'ombe aliyevutwa pembe, na kiti kikarudi mbele kikambwaga Sindano kwenye dashibodi.

Injini ikazimwa.

"Kiti hakina kufuli," Dereva akasema akitazama usukani. "Kilikuja hivyo. Nililiona baada ya kununua. Nilisema nitakitengeneza kabla watu hawajajua." Hakusema watu gani. Sote tulimtazama Konda.

Lakini Konda hakuwa na habari na kiti. Alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu bovu, amepitisha kidole ndani ya rimu, anakisugua kwa kidole gumba. "Mafuta! Kaka, diski linateleza kama kambale. Hivi kweli wewe? Wewe uliyekuwa unanipiga kofi nikisahau kufunga mfuniko wa rejeta? Umepaka breki mafuta?" Akasimama. Hakuwa mbaya, ila alikuwa na furaha ambayo hakuweza kuificha. Makofi yale ya zamani yalikuwa yanalipwa. "Umri, kaka. Usione vibaya. Ngoja nikawaambie wazee leo huji."

Dereva akashuka. Akagusa diski. Akavitazama vidole vyake, akavitazama tena kwa mbali, kisha akapapasa mfuko wa shati kutafuta miwani ambayo haikuwepo. "Niliosha mikono," akasema polepole. "Nilikula, nikaosha mikono. Au sikuosha?" Akanigeukia mimi. "Dada, niliosha?"

Sijui kama umewahi kumwona mtu aliyeendesha basi maisha yake yote bila kumwaga damu ya mtu, anaacha kuiamini mikono yake. Alichomoa ufunguo, akaunyoosha kwa Konda. "Lichukue wewe. Likae kwako. Mimi nisije nikaua mtu."

Mdogo wangu alikuwa salama pale. Hatari imekwisha, gari halishuki mteremko, na lile gari lenyewe, adui yake, linaondoka uani kwa miguu yake. Angenyamaza tu. Muuza vifungo yuko getini, Konda anacheka, mimi dada mtu mzima nipo. Hakuna aliyejua.

"Mrudishie ufunguo," akasema.

"Shemeji, usiingilie mambo ya..."

"Mrudishie mume wangu ufunguo wake. Mafuta nimepaka mimi. Ya cherehani. Alipokuwa anakula." Na kwa kuwa Konda alikuwa ameachama, akaongeza, "Na wewe funga mdomo, inzi wataingia. Huyu hata akiwa kipofu hawezi kupaka diski mafuta. Nenda kawaambie wazee wako, mke wake ana wivu. Hilo si geni kwao."

Konda aliweka ufunguo juu ya boneti taratibu, kama kitu cha moto. Akaaga kwa mkono. Muuza vifungo naye akakumbuka kwamba ameacha duka wazi.

Nikataka kuingia ndani niwaachie faragha, lakini miguu ilikataa. Dereva alikuwa amekaa juu ya lile gogo.

"Ungeniua," akasema.

"Sikujua. Naapa mbele ya Mungu, sikujua kama ni hilo diski."

"Ungeniambia unalichukia gari ningeliuza."

"Ungeliuza?"

Akafikiri. "Nisingeliuza. Lakini ungeniambia."

"Na wewe ungeniambia kiti ni kibovu! Miezi yote hii nanusa nailoni!"

"Unanusa nini?"

Sindano alikuwa analia sasa, na alipoanza hakuweza kusimama. "Mimi umenificha kiti kwa ajili ya Konda. Konda! Unaona haya mbele ya utingo kuliko unavyoona haya mbele yangu. Na hicho chuma umekiita mama."

Dereva akashika kichwa kwa mikono miwili. Nilidhani amekasirika, kumbe anacheka, cheko lile la mtu mwenye mgongo mbovu, linalouma. Kisha hakucheka tena. Akasema, "Watu wote walicheka pale chini. Nikaona afadhali nipake rangi kuliko kukwambia kwamba nimechekwa." Sikuwahi kumsikia shemeji yangu akisema maneno mengi namna ile kwa mara moja.

Akainuka, akachukua spana, akaanza kulegeza nati upya. Sindano akaketi chini kando yake. Dereva alimwonyesha jinsi ya kushika diski, wapi mafuta yamepenya, kwa nini zile pedi zinazobana lazima zitupwe zinunuliwe mpya kwa sababu zimekunywa mafuta kama sifongo. Alimfundisha kila kitu, kwa sauti ya chini, kama anayefundisha mtu kusoma. Naye akafuta kwa petroli, akafuta tena kwa sabuni, akitumia kitambaa kipya cha sare ya mteja bila kukitazama mara mbili. Mimi nilirudi kwenye mchele wangu uliokuwa umelowa kupita kiasi.

Usidhani wivu uliisha. Siku zile alimuuliza mumewe fundi aliyechomelea kufuli la kiti ni mwanamume au mwanamke. Lakini Jumamosi nyingine walitoka, kalipa zote mbili nyekundu sawasawa, na mdogo wangu amekaa mbele, kioo amekishusha mpaka chini. Alikuwa amejishonea gauni la kijani lenye kola. Dereva akasimamisha gari katikati ya wale wazee, kwa upole, halikuvuta upande wowote.

Na wazee wote, Konda akiwa wa kwanza, wakainama kutazama magurudumu. Hakuna hata mmoja aliyetazama dirishani. Sindano alisubiri kidogo. Kisha akafungua mlango, akashuka, akaenda kusimama mbele ya gurudumu, gauni likalifunika lote, na aliyetaka kuona kalipa ikambidi kwanza ainuke amsalimie.